Kidude Kinachoungua Gari Likilala

Kidude cha pili cha kutoa cheche za injini kiliungua Jumamosi, na kilichagua pabaya pa kuungulia: juu ya reli. Shangazi alitoka sokoni salama, akaendesha kama dakika kumi, na magurudumu ya mbele yalipopanda kwenye kivuko cha reli, injini ikanyamaza kama mtu aliyekatizwa maneno. Wapita njia wanne wakalisukuma gari hadi ng'ambo. Treni haikuwa karibu, lakini baba aliposikia habari hiyo alitafuta kiti kwanza, ndipo akauliza kama dada yake ni mzima.

Jioni akatoa hukumu. Gari liuzwe. Kuna bwana mmoja anayekusanya magari ya kale, miaka nenda miaka rudi amelitolea macho. Jumamosi ijayo ataitwa aje alichukue. Shangazi alikuwa mkubwa wa baba kwa miaka tisa na hakuwa mtu wa kupangiwa mambo. Safari hii aliendelea tu kumenya njegere, nyingine zikidondoka nje ya bakuli bila yeye kuona.

Aliyeziona ni binti wa mwisho wa baba, ambaye nyumba nzima ilimwita Kimya. Alikuwa amesomea vifaa vya umeme chuoni, na sasa alitengeneza mizani na mashine za maabara, kazi iliyomfaa kwa kuwa mashine hazimkodolei mtu macho. Alijua gari lile ni miguu ya shangazi. Mkunga mstaafu, bado aliitwa huku na kule kuwatazama kina mama waliojifungua na vichanga vyao, naye alikwenda bila kumwomba mtu ruhusa wala lifti. Gari likiondoka, atakuwa mtu wa kubebwa.

“Baba,” Kimya akasema, “naomba nilitazame kabla ya Jumamosi.”

Wote wakageuka kana kwamba friji ndiyo iliyosema. Baba akajibu kwamba kutazama hakukatazwi, ila yeye hatamzika dada yake kwa sababu ya mabati.

Jumatatu baada ya kazi Kimya alikwenda kwa Fundi Masikio, aliyelihudumia gari hilo tangu marehemu mume wa shangazi alipokuwa hai. Jina alilipata kwa tabia yake ya kufumba macho anaposikiliza injini. Zamani, fundi alieleza, cheche zilitoka kwenye platini: vyuma viwili vidogo ndani ya distributa, kigawa cheche, vinavyogusana na kuachana maelfu ya mara kwa dakika, na kila vikiachana, koili, kifaa kinachokuza umeme, inatema moto kwenye plagi. Ila platini hulika. Kila baada ya miezi michache zisuguliwe, zipimwe nafasi yake. Siku hizi mikono yake inatetemeka, na platini zinazouzwa ni laini kama ganda la ndizi. Ndiyo maana alimshauri shangazi afungiwe kidude cha kielektroniki, kisicho na vyuma vya kugusana wala kulika.

“Na kimekufa mara mbili,” Kimya akasema.

“Feki hizo. Tutatafuta cha tatu.”

Angekuwa mtu mwingine, jambo lingeishia hapo. Lakini Kimya alikuwa na ugonjwa wa kutaka kujua. Kitu kikimwingia kichwani kilimkaa kama punje ya mchanga kwenye kiatu. Alivipasua vile viwili na kukuta vimeyeyuka ndani, upande uleule. Akauliza vilikufa lini na wapi, akaandika. Cha kwanza: gari limeegeshwa nyumbani, halikuwaka tena. Cha pili: dakika kumi baada ya kutoka lilipoegeshwa. Na kabla ya hapo kilikwenda safari ya saa nne juani, kikarudi, hakikupiga hata chafya.

“Fundi, kitu feki hufa kazini,” akasema polepole, macho kwenye viatu vyake. “Hivi vinafia mapumzikoni.”

Masikio akafumba macho.

Injini ikiwa imezimwa, umeme haukifikii kidude ila mtu awe amegeuza ufunguo; basi swali lililobaki lilikuwa la shangazi, nalo ndilo gumu. Utamwulizaje mtu mzima anachofanya peke yake ndani ya gari lililozimwa? Ni sawa na kumpekua mkoba. Siku mbili Kimya alilizunguka swali hilo kama paka na maziwa ya moto. Jumatano akaomba kumsaidia kuosha gari, na vioo vilipojaa povu, hakuna anayemwona mwenzake, akaliuliza akiwa upande wa pili.

Kitambaa cha shangazi kikasimama kwenye kioo.

“Nasikiliza redio,” akasema. “Usimwambie baba yako.”

Ikawa kama bomba limefunguliwa. Redio ile ilifungwa na marehemu, na haisemi mpaka ugeuze ufunguo wa gari kama anayetaka kuondoka. Shangazi hukaa saa nzima, siku nyingine zaidi, akisikiliza michezo ya kuigiza na nyimbo za ujana wake. Hana kinyongo na mtu.

“Nyumba ya baba yako ni njema, mwanangu. Ila haina mlango nitakaoufunga asitokee mtu wa kubisha.”

Kimya akasogea na sponji hadi kwenye boneti. Akauliza kama marehemu naye alisikiliza hivyo. Sana, shangazi akasema, na kicheko kikamponyoka. Tena alikuwa na vituko. Kabla ya kuwasha redio lazima afungue boneti, avute mkanda wa feni kwa mkono, achungulie kwenye distributa, ndipo arudi kukaa. Akiulizwa, anasema gari lilale mdomo wazi. Miaka yote hiyo shangazi alidhani ni mzaha wa mwanamume anayelibembeleza gari kuliko mkewe.

Sponji ya Kimya ikaangukia ndooni. Haukuwa mzaha. Ufunguo ukigeuzwa huku platini zimegusana, umeme hupita kwenye koili bila kukoma, na koili hupikika. Marehemu aliizungusha injini mpaka platini ziachane, mdomo wazi, umeme usipite. Kidude kipya hakikuwa na mdomo wa kuchungulia. Injini ikisimama mahali pazuri, shangazi alisikiliza redio bila madhara. Ikisimama mahali pabaya, kidude kiliendelea kuilisha koili saa nzima, mpaka chenyewe kikaungua au kikabaki nusu mzima, kikaja kumalizikia relini.

Masikio alipopewa habari hizi alijipiga paji la uso. Amefunga vidude viwili bila kuuliza gari linaishi vipi. Akapendekeza redio ipewe waya wake wa kando, lakini shangazi alikataa katakata; ilivyofungwa na marehemu ndivyo ibaki. Kimya hakubishana. Hata waya ungebadilishwa, siku moja mtu angeitwa haraka na kuusahau ufunguo. Alitaka kidude kinachomsamehe mtu.

Duka la vipuri lilikuwa na aina tatu zinazoingia kwenye distributa ile. Mwuzaji, kalamu nyuma ya sikio, akazipanga kauntani. Cha bei nafuu alikisifu kwamba kinatoka kama njugu. Cha ghali alikisifu kwa kuwa ni cha ghali. Cha kati alikisogeza kando kwa sababu boksi lake lilikuwa limekunjamana. Kimya alisoma karatasi zote, mbele na nyuma, foleni ikirefuka mgongoni mwake. Hakuna iliyosema kinachotokea injini ikisimama na ufunguo umegeuzwa. Mtu akakohoa. Kimya akazikunja karatasi. Akazikumbuka njegere zilizokuwa zikidondoka.

“Samahani, kaka. Naweza kuvijaribu hapahapa kabla ya kununua?”

Mwuzaji akamwuliza kama nguo pia huwa anazivaa wiki nzima ndipo alipe. Foleni ikacheka. Kimya naye akacheka, kwa woga, lakini hakuondoka. Akatoa mkobani koili, mita yake ya umeme, na nyaya alizozifunga kwa raba. Mwuzaji akamtazama, akatazama nyaya, kisha akavuta betri kutoka chini ya kaunta. Udadisi nao unaambukiza.

Kila kidude kilikuwa na pete yake ndogo ya sumaku. Kimya aliizungusha kwa kidole mpaka mita iruke, akaiacha hapo, kama injini iliyosimama mahali pabaya. Cha bei nafuu kilivuta ampea nne na kuendelea kuvuta. Baada ya dakika chache kilichoma kidole, na mwuzaji mwenyewe akakitoa kabla hakijaanza kunuka. Cha ghali nacho ampea nne, wala hakikuona haya. Cha kati mshale ukaruka hadi nne, ukatulia kidogo, kisha ukashuka wenyewe hadi sifuri. Akaisogeza pete, kikaamka. Akaiacha, kikalala. Akarudia mara kumi na moja. Kufikia mara ya tano watu wa foleni walikuwa wameegemea kaunta, na mzee mmoja akaomba arudie, yeye alikuwa amepepesa macho.

“Hiki kinajizima chenyewe,” mwuzaji akasema, kama anayemsifu mtoto wake wa kumzaa.

Ijumaa Masikio akakifunga uani, baba akiwa amesimama, mikono nyuma. Alisubiri boneti lipanguswe, ndipo akauliza swali la haki: vile viwili viliuawa na nini?

Kimya akatazama chini. Kusema ni kumsaliti shangazi, kunyamaza ni kulipoteza gari. Akainama kuunga mita kwenye koili.

“Ni mimi,” shangazi akasema.

Akaeleza redio, saa nzima, na ule mlango usiokuwepo. Hakutia chumvi wala hakupunguza. Baba alisikiliza akisugua kidevu, na dada yake alipomaliza, hakuuliza lolote kuhusu cheche. Alifungua mlango wa abiria, akaketi.

“Geuza ufunguo, dada. Tukae hiyo saa.”

Wakakaa. Kimya na fundi walisimama mbele, macho kwenye mshale wa mita, ulioruka hadi nne kisha ukashuka wenyewe. Ndani redio iliimba, kisha sauti mbili zikaishinda redio: mabishano ya nani alivunja baiskeli utotoni, yakifuatiwa na kicheko cha baba ambacho Kimya hakukumbuka kukisikia siku za karibuni. Saa ilipotimia, mshale ulikuwa sifuri na koili baridi kama mtungi. Shangazi akawasha. Injini ikaitika kabla ufunguo haujafika mwisho. Masikio akafumba macho, akayafumbua, akakubali kwa kichwa.

Baba akashuka, akapiga simu palepale. Alimwambia yule bwana gari haliuzwi, akamtakia heri. Kisha akainama dirishani.

“Jumanne nina miadi na daktari wa meno. Utanipeleka?”

“Nitakupeleka. Ila usinifundishe njia.”

Shangazi akazima injini, akairudisha redio. Baba akausukuma mlango wa gari taratibu kwa mikono miwili mpaka ukajifunga, akawageukia Kimya na fundi waliokuwa bado wameduwaa mbele ya boneti.

“Twendeni ndani,” akasema kwa sauti ya chini. “Mwacheni asikilize.”