Gauni la Kijani la Min Otieno

Kama umewahi kunisikia nikisema nguo zangu natoa Nairobi, nilikudanganya. Mimi sijui duka hata moja la nguo Nairobi. Nguo zangu nanunua Migori, kwenye mtumba, kwa mama mmoja Mkuria anayeitwa Mellen. Naenda mbali hivyo kwa sababu hapa Homa Bay wenzangu wa ofisini wangeniona nimeinama juu ya rundo, halafu mimi Scovia ningeiweka wapi sura yangu?

Jicho ninalo, hilo sitalificha. Mellen akifungua robota, wengine wanang'ang'ania jinzi. Mimi natafuta za zamani, zile zilizoshonwa na mtu asiye na haraka: sketi za marinda, blauzi za kola pana, herini za kubana ambazo Mellen anaziweka kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia. Yote hayo kwa bei ya sahani moja ya samaki. Jumatatu naingia ofisini, watu wanageuka, na rafiki yangu Dorah ananiuliza, na hii nayo? Namjibu Nairobi. Miaka minne tumeenda hivyo na sikuona ubaya.

Mwezi wa tatu mwaka huu nikapata gauni la kijani. Kitambaa kile kizito cha zamani kisichotaka pasi, vifungo sita vya kung'aa, na bruchi ya njiwa imedungwa kifuani. Chini ya kwapa la kushoto palikuwa na kiraka cha bluu kilichoshonwa kwa mkono, taratibu, na mtu aliyelipenda gauni lake. Mellen akaniambia hili halikutoka kwenye robota, kuna kijana alimletea. Sikutaka kujua zaidi. Mtu akipata kitu kizuri kwa bei rahisi haulizi maswali mengi.

Wiki mbili baadaye Dorah akaniomba nimsindikize kwao Sindo. Mama yake, ambaye wote walimwita Min Otieno, yaani mama wa Otieno, kaka yake Dorah, alikuwa amefariki mwezi wa pili, na Jumamosi hiyo nguo zake zilikuwa zinagawanywa. Sikuwahi kumwona akiwa hai. Nguo za marehemu haziguswi kabla ya siku hiyo. Waya, yaani shangazi upande wa baba, anafungua sanduku mbele ya watu na kila mmoja anapewa chake. Anayechukua mapema anauletea mji chira, laana ya kuvunja mwiko, na chira kwetu si mambo ya kuchekacheka. Mimi ni Mjaluo, nayajua hayo tangu utoto. Nikavaa gauni la kijani kwa sababu lilikuwa la heshima na lilinikaa vizuri. Bruchi nikaiacha kwangu.

Waya Trizah akafungua sanduku. Akatoa leso, sweta, kitambaa cha kichwa cha kanisani. Akapekua mpaka chini, kisha akauliza gauni la kijani liko wapi, na bruchi yake. Watu wakaangaliana, halafu mmoja mmoja wakaanza kuniangalia mimi. Waya akaja, akashika mkono wa gauni langu kwa vidole viwili na kuniuliza kwa upole nimelitoa wapi.

Jibu lilikuwa maneno mawili tu, Migori, mtumba. Lakini Dorah alikuwa ananitazama, na dada zake nao, wote wamependeza.

"Nairobi," nikasema. "Kuna duka la nguo za zamani. Huu ni mwaka wa tatu niko nalo."

Waya akaachilia kitambaa. Akasema basi lazima yalishonwa mengi wakati ule, ila la Min Otieno lilikuwa na kiraka chini ya kwapa, alikikata kwenye yunifomu ya Dorah ya shule ya msingi. Yawa! Nilibana mkono wa kushoto ubavuni na sikuuinua tena siku hiyo. Wakati wa maombi watu waliinua mikono miwili, mimi mmoja.

Mzigo wote ukamwangukia Teresa, mke wa Otieno, ambaye pale walimwita nyar Sori kwa vile ametoka Sori. Ndiye aliyemuuguza mama mkwe wake mwaka mzima, kumwogesha na kumlisha, na ufunguo wa sanduku ulikuwa kwake. Walimuuliza mara tatu. Akasema hajui. Aliniangalia kidogo tu, akainamisha kichwa. Jioni Otieno akaambiwa amrudishe kwao mpaka vitu vipatikane, na msichana wao wa miaka minne abaki kwa baba yake. Nilisikia yule mtoto akimwita mama yake wakati napanda pikipiki kuondoka.

Unafikiri nilirudi kusema? Sikurudi. Dorah aliniambia ofisini kwamba mtoto hali, anakaa mlangoni tu. Nikasema pole. Mimi huyu, na gauni liko kabatini mwangu, nikafungua mdomo nikasema pole! Ilichukua wiki tano kabla sijaenda kumuuliza Mellen yule kijana alikuwa nani. Akamkumbuka vizuri: mrefu, ana kovu kidevuni, alisema mama yake ni mgonjwa na anataka nauli. Alikuwa Ken, kitinda mimba wa Min Otieno, ambaye siku ya kugawana nguo aliniletea kiti.

Jumatatu nikamwambia Dorah kila kitu, pamoja na ile miaka minne ya Nairobi. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama nilijua nikiwa nimekaa palepale kwao. Nikasema ndiyo. Heri angenizaba kofi.

Ken alipoulizwa hakubisha. Jumapili tukaenda Sori kwa gari la kuazima kumchukua Teresa: Otieno, Waya Trizah na mimi. Tulimkuta anaanika omena, mikono imejaa magamba. Waya akamwomba msamaha kwa niaba ya mji. Mimi nikapiga magoti palepale kwenye mchanga, mfuko wenye gauni na bruchi mkononi, nikasema yangu yote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua," akasema. "Ulipofika nilikunawisha mikono, nikakiona kiraka. Hilo gauni nimelifua mwaka mzima."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nani angeniamini? Wewe ni mtu wa ofisi, mimi nimeshaitwa mwizi. Nilifikiri utasema mwenyewe kabla sijamaliza kufunga begi. Kwa hivyo nilifunga polepole."

Akanawa mikono, akachukua begi lake na kukaa mbele na mumewe. Nyuma kulikuwa na nafasi kando ya Waya. Hakuna aliyeniita nipande, na mimi sikuuliza.