Taa Zilizomtazama Baba Mkwe

Jana usiku nimeota, na kabla hamjaanza kunicheka nawaambia mapema kwamba sikula maharage. Nilikula viazi viwili na chai ya rangi.

Ndoto yenyewe haieleweki bila mambo ya jana mchana, kwa hiyo naanza na hayo. Mimi na mume wangu, Ambakisye, tuna gari-nyumba, yaani gari lenye kitanda, jiko na sinki ndani yake. Tulilinunua kwa mzungu mmoja aliyezunguka nalo nchi nyingi mpaka akachoka. Tunawakodishia wageni wanaokuja Tukuyu kutazama maporomoko. Gari ni zuri, ila taa zake za mbele hazina malezi. Zilikuwa zinatazama juu kama mtu anayesikiliza panya darini, na ya kulia kioo chake kilikuwa kimeingia ukungu wa manjano, haioni hata bampa yake.

Jana nilikuwa na sababu ya kuzishughulikia. Baba mkwe wangu, Mzee Mwasomola, ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Madaktari wa macho walikuwa wanafika Mbeya kwa siku moja tu, kesho yake, na mwenye kutaka nafasi alitakiwa awe mlangoni kabla hakujapambazuka. Ambakisye yuko Songea kikazi. Dereva aliyebaki ni mimi.

Hapo ndipo penye kazi. Kwetu Rungwe, kwa wanaofuata mila, mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani. Miaka kumi na moja nimekaa kwenye boma hili na uso wa baba siujui. Najua mgongo wake, kofia yake na kikohozi chake. Akitaka kupita uani hukohoa mara mbili, nami najibanza jikoni mpaka apite. Tukiwa na la kuambiana tunamtuma wifi yangu, Tumpe, hata kama kati yetu kuna ukuta mmoja tu na kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri kabisa.

"Wifi, mwambie baba nitamlaza nyuma kitandani, na pazia nitalifunga," nilisema jana nikiwa jikoni. "Hataniona, na mimi sitamwona."

"Baba, umesikia?" aliuliza Tumpe. Hata kuinuka kwenye mkeka hakuinuka.

"Sijasikia mpaka uniambie," alijibu baba kutoka sebuleni.

Tumpe akamwambia. Nikafunika viazi vilivyokuwa vinachemka, nikatega sikio.

"Mwambie mkwe sijapakiwa na mkwe tangu nizaliwe," alisema baba. "Macho yakitaka kufa na yafe. Yameona ya kutosha."

Nilitoka nje nimefura, nikarekebisha taa hivyo hivyo, kwa hasira. Nilifuata kanuni yote. Gari lisimame mahali tambarare, hatua kumi kutoka ukutani. Upime taa iko juu kiasi gani kutoka chini, upige mstari wa chaki ukutani chini kidogo ya hapo, kisha ugeuze skrubu mpaka ukingo wa mwanga ukae kwenye mstari. Ili nisikosee niliondoa kila kitu ndani, hata kijiko sikuacha. Mwanga ukalala kwenye mstari, ukatulia. Kioo cha kulia nilitaka kukisugua kwa dawa ya meno, kama mafundi wanavyofanya, lakini giza likaniwahi. Niliacha tyubu juu ya bampa nikaenda kulala nimenuna.

Sasa ndoto.

Naamshwa na mlio wa vikombe. Natoka barazani, nakuta taa zote mbili zimetoka kwenye matundu yake, zimekaa kwenye viti vyangu, zinakunywa chai. Ya kushoto imekaa wima. Ya kulia imejitanda kanga, inapapasa sahani ya mihogo na kukosa.

"Mama Lugano," ilisema ya kushoto, "tuna malalamiko."

"Hiyo chai mmechemshia nini?" niliuliza, maana gesi ni yangu.

"Sisi wenyewe. Tuna wati hamsini na tano kila mmoja."

Nikaridhika, nikaomba kikombe. "Haya, malalamiko gani?"

"Umetufundisha adabu nyumba ikiwa tupu," ilisema. "Tumwinamie nani, sinki? Kwenye nyumba tupu hata mwizi ana heshima zake."

Nilikuwa na jibu zuri sana, lakini ukuta ukafika. Ulikuwa ukuta wetu wa stoo, una mstari wangu wa chaki kifuani, na ulikuja ukihesabu: nane, tisa, kumi. Ukasimama. Nilisogea mbele hatua moja, ukarudi nyuma hatua moja. Nikaingia jikoni, ukaenda kusimama katikati ya mahindi ya jirani.

"Sogea karibu tuongee," niliuambia.

"Kanuni ni hatua kumi," ulijibu. "Sikuitunga mimi."

Jikoni si jikoni tena. Ni ofisi. Mezani pana pimamaji la fundi mwashi, lile la kupimia usawa, na ndani yake kile kiputo cha hewa kimevaa tai. Ndicho mkuu wa ofisi.

"Fomu inataka mahali tambarare," kilisema kiputo. "Wewe unaishi wapi?"

"Tukuyu."

Kiputo kiliguna, kikateleza mpaka ukingoni. "Tukuyu hakuna tambarare. Itabidi ipigwe pasi."

Dirishani nawaona akina mama wa kwaya, wamevaa sare zao za zambarau, wanaupiga pasi Mlima Rungwe kwa pasi za mkaa. Mlima unawaomba wasipite ubavuni, unatekenyeka. Wanaupiga maji kidogo, wanapiga pasi, wanakunja. Mpaka wanamaliza ubeti wa pili mlima wote umelala, na migomba imebaki imesimama juu yake haijui iende wapi. Kiputo kikarudi katikati ya pimamaji, kikasinzia.

"Endesha," kilisema usingizini.

Naendesha. Barabara imenyooka, bado ina joto la pasi. Mara nahisi mkia wa gari unazama, kama kuna mtu mzito amepanda nyuma. Pua inanyanyuka. Taa zinaacha barabara, zinatazama juu. Naona popo wawili wakigombania parachichi, naona chini ya mawingu pameshonwa vibaya, lakini mbele ya matairi sioni kitu.

Mwezi ulikuja kutoka upande wa pili ukijikinga uso kwa kiganja. "Dada, shusha taa!" ulipiga kelele. "Na sisi tuko kazini!"

Niliuomba radhi. Ulipita ukinung'unika kuhusu wanawake na leseni. Ningekuwa macho ningeujibu.

Halafu taa zikamfikia baba mkwe.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, na kigoda kilikuwa kimekaa hewani. Taa zilimtazama usoni bila haya, na mimi nikatazama pamoja nazo. Miaka kumi na moja! Nilitegemea uso wa kutisha. Ulikuwa uso wa kawaida tu, una kovu dogo kidevuni na macho mawili yenye ukungu wa manjano, sawasawa na taa yangu ya kulia. Nikajificha chini ya usukani. Gari liliendelea peke yake, taratibu, kwa aibu.

Baba akakohoa mara mbili.

"Ukuta," alisema, "mwambie mkwe taa zake zimepanda vidole vinne."

Ukuta ulinigeukia. "Mkwe, taa zako..."

"Nimesikia."

"Hujasikia mpaka nikuambie," ulisema ukuta, ukaniambia yote tangu mwanzo.

"Muulize baba ni nani aliyezipandisha," nilisema.

Ukuta ukauliza. Jibu likarudi. "Anasema ni yeye. Yeye na mikungu yake mitatu ya ndizi. Anasema amekaa nyuma."

Nikageuka. Kweli, pazia limefungwa, na chini ya pazia naona viatu vyake. Mbele yupo kwenye kigoda, nyuma yupo kitandani. Halikunishangaza. Mtu wa umri ule ana haki ya kukaa sehemu mbili.

Nachukua bisibisi, nashuka, naanza kugeuza skrubu. Kila nikigeuza, kidevu changu nacho kinashuka. Nusu mzunguko, natazama kifua changu. Mzunguko mzima, natazama vidole vya miguu, na ndipo nagundua nimevaa viatu vya Ambakisye.

"Ongeza kidogo," ilisema taa ya kushoto, nayo ikitazama chini. "Hapo. Hapo tumekuwa watu."

"Mimi bado," ilisema ya kulia. "Nimeinama, sawa, lakini simwoni ninayemwinamia."

Baba alishuka kwenye kigoda. Alikuja akipapasa hewa, akapapasa boneti, akapapasa bampa mpaka akaipata tyubu ya dawa ya meno. Akaanza kuipiga mswaki ile taa. Yeye haoni, taa haioni, mara mbili mswaki ulipita hewani. Taa ikawa inamwelekeza: "Kushoto, baba. Chini kidogo. Na hapo konani, usiache hapo." Ukungu ulitoka pamoja na povu, ukadondoka barabarani, ukaondoka zake.

"Sasa unaona?" aliuliza baba.

"Naona mpaka Mbeya," ilisema taa. "Foleni imeshaanza. Wa kwanza amevaa sweta la kijani."

Baba alisimama na mswaki mkononi. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, wala hakuupitishia ukuta: "Iliuma?"

Taa ilifikiri. "Inawasha kidogo, kama umekata kitunguu. Halafu basi."

"Na kama ingekuharibu kabisa?"

"Nilikuwa sioni tayari, baba."

Basi nikaelewa. Habari ya kupakiwa na mkwe ilikuwa pazia tu. Mzee alikuwa anaogopa kuguswa macho. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anayekohoa kwa nguvu namna ile anaweza kuogopa kitu. Nilimwonea huruma, na nikaona aibu kwa kule kununa kwangu.

"Ukuta," nilisema nikiwa bado nimeinama, "mwambie baba nitaendesha polepole. Na nitakaa pale mlangoni mpaka atoke."

"Nimechoka," ulisema ukuta. Ukakaa chini katikati ya barabara, vumbi la chaki likautoka kifuani. "Tangu jioni natumwa tu. Semeni wenyewe, mimi nitajifanya ndiye niliyesema."

Nikasikia kikohozi, mara mbili, nikaamka.

Simu ilikuwa inalia, kengele niliyoitega kabla baba hajakataa. Saa tisa na nusu. Tumpe alikuwa amelala kwenye kitanda cha pili, mdomo wazi.

"Wifi," nilimtikisa, "baba hajasema kitu tena?"

"Kakataa, wifi. Kala, kasali, kakataa. Hebu lala." Akageukia upande wa pili na blanketi lote.

Sikuweza kulala. Nilijiambia nikawashe gari tu, injini isije ikapoa kwa baridi ya Tukuyu, ingawa hakuna mtu aliyekuwa anasafiri. Nje kulikuwa na ukungu. Nilipanda kwenye usukani nikiwa nusu nalala, nikawasha taa.

Zote mbili ziliwaka sawa. Nilikaa kidogo nikijaribu kukumbuka ni ipi iliyokuwa mbovu. Nikashuka kutazama. Kioo cha kulia kilikuwa kinang'aa, kasoro doa moja dogo konani, na bampa yote ilinuka minti. Tyubu ilikuwepo palepale, imekamuliwa katikati. Mimi hukamulia mwisho, na Tumpe nimeshamfundisha.

Nikatazama ukuta. Mwanga haukuwa kwenye mstari wangu. Ulikuwa juu yake. Nikatembea hatua kumi, nikauweka mkono kati ya chaki na ukingo wa mwanga. Vidole vinne, bila gumba.

Nikarudi kwenye gari polepole. Nyuma lilikuwa limekaa chini, springi zimelala. Pazia, ambalo jioni nililiacha wazi, lilikuwa limefungwa, na pembeni yake ilichungulia ndizi moja mbichi. Niliinamisha macho haraka.

Ndani mtu akakohoa mara mbili.

"Ukuta," ilisema sauti ya mzee nyuma ya pazia, na haikuwa sauti ya kukohoa kwa nguvu, ilikuwa ndogo kabisa, "mwambie mkwe ashushe taa vidole vinne. Tunachelewa."

Nilingoja kidogo, kwa heshima. Ukuta haukusema kitu, ulikuwa umechoka.

"Ndiyo, baba," nilisema mwenyewe, nikachukua bisibisi.