Kundi O Limetoka Wapi

Mdogo wangu anafundisha udereva, na kazi hiyo imemharibu. Kila kitu kwake lazima kiwe kimeandikwa. Kama hakimo kitabuni, hakimo barabarani: ndivyo anavyowaambia wanafunzi wake, na ndivyo alivyoniambia mimi, dada yake mkubwa, siku niliyokwenda kumweleza kwamba anamwonea mkewe.

Mtoto wao wa miezi mitano alilazwa kwa homa, akapimwa damu, kadi ikaandikwa O. Mdogo wangu ni A. Wifi yangu ni B. Mama yetu akazishika zile kadi tatu, akazipanga mezani, akauliza, "A na B. Hii O imetoka wapi?" Hakuna aliyemjibu, na kule kutojibiwa kukawa ndiyo hukumu. Wifi akarudi kwao na mwanawe mgongoni. Jumapili ya mwisho wa mwezi tungekaa kikao, na mama namjua. Aliita kikao, lakini alichotaka ni talaka.

"Nesi amesema inawezekana," nilimwambia mdogo wangu.

"Nesi ni shoga yake."

"Na daktari?"

"Daktari alikuwa na haraka. Nionyeshe kwenye kitabu, dada. Kitabu hakina shoga."

Basi nikaanza kutafuta kitabu cha mwanzo cha jenetiki, cha mtu asiyejua lolote, maana mimi najalidi vitabu, sivisomi. Miaka ishirini nimeshona migongo ya vitabu vya watu na kuipaka gundi. Ukiniuliza vilikuwa vinasema nini, nitakutajia unene.

Duka la kwanza walikuwa na vitabu vya mitihani tu. Nikafungua kimoja: "Eleza urithi wa makundi ya damu." Nikageuza haraka kwenye majibu: "Rejea kitabu cha kiada." Kitabu cha kiada chenyewe hawana, kiliisha tangu mwaka juzi. Duka la pili wakanipa kitabu kilichoandikwa "Utangulizi" jaladani, kurasa mia tisa. Utangulizi gani huo? Anayekukaribisha kwa kurasa mia tisa hataki wageni. Duka la tatu nilipata kimoja cha mageuzi ya viumbe, chenye picha ya nyani jaladani, nikashukuru, nikakinunua. Kumbe aliyekiandika alikuwa anagombana na yule nyani toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Damu hakuigusa.

Nilikirudisha kwa hasira. Muuzaji hakushtuka.

"Wote wanaoulizia mambo hayo wana ugomvi na mtu," alisema. "Wewe unagombana na nani?"

"Na mama yangu."

"Basi huku hutapata. Nenda maktaba."

Maktaba yupo mzee wa miwani tunayemwita Bwana Kimya. Alifungua daftari lake, akashuka na kidole taratibu mpaka nikatamani kumsukuma mkono.

"Kipo kimoja," alisema. "Kizuri sana. Kinaanza na kuku na mahindi, kinakwenda polepole mpaka damu za watu, kinamalizia na mageuzi. Hata mimi nilikielewa."

"Nipe hicho hicho."

"Kilichanika. Kiko kwa fundi."

"Fundi gani asiyemaliza kazi za watu?"

Alinitazama juu ya miwani. "Wewe, mama. Tangu mwezi wa pili. Barua tatu tumekuandikia."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wiki tatu nazunguka na jua, soli zimelika, na kitabu nimekikalia mwenyewe. Nilikikuta karakana, hakina jalada, kimefungwa kamba, nimekiweka chini ya mguu wa meza ulio mfupi ili meza isicheze. Nilijitukana matusi ambayo sitayarudia hapa.

Kisha nikakaa chini, nikasoma. Kilikuwa kama alivyosema Bwana Kimya. Kila mtu, kilisema, ana herufi mbili za damu, moja ya mama, moja ya baba. O ni mpole, akikaa na A au B hasikiki. Kwa hiyo mtu wa A anaweza kuwa na O aliyejificha, na wa B vilevile. Wakikutana hao wawili, mtoto anaweza kuokota O zote mbili. Nusu ukurasa tu, na kwa kukosa nusu ukurasa mwanamke wa watu amefukuzwa. Nilikishona siku ileile.

Jumapili tulikaa watatu: mama, mdogo wangu na mimi. Mdogo wangu alisoma ule ukurasa mara mbili, midomo ikicheza. Akainamisha kichwa.

"Nimemkosea," alisema.

"Vitabu vinaandikwa na watu," alisema mama.

"Hapana, mama, ngoja nikuchoree." Alikuwa ameshachukua kalamu, maana akijua kitu leo, leo hii hii atakifundisha. "Baba alikuwa AB, nililiona faili lake la upasuaji. Wewe je?"

"O," mama alisema kwa shingo upande.

"Umeona? Mimi nimechukua A ya baba na O yako. Hii O ya mtoto imetoka kwako wewe, bibi yake!" Akacheka peke yake, akaendelea kusoma kwa sauti. "'Mzazi wa AB hana pa kuificha O. Hapati mtoto wa O, isipokuwa kwa nadra mno.' Haya. Dada, wewe kundi gani?"

Mimi ni O. Nililijua siku ya upasuaji huohuo, nilipokwenda kumtolea baba damu, na nesi akanisifu kwamba damu yangu inamfaa kila mtu.

Nilimtazama mama. Hakukitazama kitabu, alinitazama mimi, na mikono yake ilikuwa imeshika ukingo wa meza. Nilipata hofu, kisha ghadhabu ambayo sijawahi kuipata. Nilikuwa na herufi moja tu mdomoni, na ingetosha.

"A," nikasema. "Kama wewe."

Mdogo wangu aliiandika, akaridhika. Mama akasema kwa sauti ndogo, "Nenda ukamlete mkeo. Leo. Mwambie nitamwomba radhi mwenyewe."

Mdogo wangu alitoka mbio, hata kalamu hakuifunika. Tukabaki wawili.

"Baba alijua?" nikauliza.

Aliichukua ile kalamu, akaifunika. "Alijua kabla hujazaliwa," alisema. "Akasema wewe ni wake. Hakudai kadi."

"Na wewe ukamdai mwenzio."

Mama akaanza kulia. Nilikuwa na hasira, na nilimwacha alie.