Wimbo wa Wenyewe Watatu

Mwaka wa tisini na sita niliuanza nikiwa nimetoka bendi ya Nyamweya, na kama kuna jambo nililolifanya vizuri mwaka huo, hilo ni la kwanza. Migori nzima iliambiwa nimefukuzwa. Aliyeeneza habari hiyo ni Nyamweya mwenyewe, amekaa kwenye baa aliyokuwa akipigia muziki, kavaa viatu vyake vyeupe, akiwaeleza walevi kwamba mwanamke hawezi gitaa kwa sababu kifua kinamzuia. Mtu huyo hakujua hata kufunga uzi wa gitaa ukikatika. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfungia.

Nilitoka kwa sababu ya wimbo. Dada yangu Joyline alikuwa akianika omena, dagaa wa ziwani, kule kwetu Karungu, na alikufa akijifungua, yeye na mtoto. Nilimtungia wimbo mfupi ambao haukuwa wa kulia. Ulikuwa unamwita tu, kama tulivyokuwa tukimwita asubuhi: Joyline nyaminwa, dada yetu, jua limetoka, njoo uanike. Nilimwimbia Nyamweya mara moja tu, katika mazoezi, kwa ujinga wa kudhani kwamba mtu anayeitwa mwanamuziki anaweza kusikia muziki. Alisikiliza akichokonoa meno. Mwezi uliofuata nilipokwenda nyumbani, akaenda Kisumu na kuurekodi. Joyline alikuwa amegeuka Jeni mpenzi, na palipokuwa na omena palikuwa na bia.

"Phelesia, muziki ni ya watu wote," aliniambia nilipomuuliza.

"Basi viatu pia ni vya watu wote. Vua."

Hakuvua. Nikachukua gitaa langu nikaondoka, na Mellen akanifuata. Mellen ndiye aliyekuwa akipiga ngoma kwenye kwaya ya kanisa letu, na ni mtu wa maneno machache ambaye hukasirika kwa niaba ya wengine.

Tuliamua kujitegemea. Watu hulitamka neno hilo kama vile ni cheo. Maana yake ni kwamba unabeba ngoma yako kichwani, unaomba jukwaa kwa mtu asiyejua lolote, na anakujibu akiwa anakula.

Wa kwanza kuombwa alikuwa Mwalimu Jeremiah, mkuu wa kwaya. Nilitaka ukumbi wa kanisa siku ya Jumamosi tu, tuimbie akina mama. Alinitazama juu ya miwani kama mtu aliyeona mende kwenye Biblia.

"Gitaa la baa haliwezi kuingia nyumba ya Mungu," akasema. "Na Mellen akiendelea kukufuata, asirudi kwenye kwaya."

Mellen akaweka ufunguo wa kabati la ngoma mezani, akatoka. Mimi nilipofika mlangoni, Mwalimu akaniita kwa sauti ya chini.

"Hiyo wimbo yako ya marehemu dada, nimesikia Mellen akiimba. Ile sehemu inapanda juu, inapanda aje?"

"Ya nini, Mwalimu?"

"Nataka tu kuelewa vile shetani anafanya kazi."

Nikamwimbia. Nilidhani ninamdhihaki. Alikuwa akitikisa kichwa huku vidole vyake vikihesabu mapigo kwenye paja, na mimi niliona unafiki tu, sikuona kazi iliyokuwa ikifanyika.

Mtu pekee aliyetufungulia mlango alikuwa Zubair, mwenye duka la kanda na redio pale mjini. Alikuwa mgeni kama wafanyabiashara wengi wa Migori, na Kiluo alikuwa anajua salamu tu. Alitupa chumba cha nyuma, tukatundika mablanketi ukutani, tukarekodi nyimbo sita, ule wa Joyline ukiwa mmojawapo. Jogoo wa jirani aliingia kwenye wimbo wa tatu. Zubair alitaka turudie.

"Mwache," nikamwambia. "Anajua kuingia kwa wakati wake kuliko Nyamweya."

Zubair alicheka mpaka akakohoa. Hakuwa na sifa nyingi za kunipa, alisema tu, "Dada, mimi sielewi maneno, lakini sijachoka." Mwaka mzima hakuna aliyeniambia jambo la maana kuliko hilo.

Kwa kanda hiyo tulizunguka Rongo, Kendu Bay, hadi Homa Bay. Na Homa Bay ndipo nilipomjua Cliff. Cliff alijiita meneja wa wasanii. Alivaa miwani ya jua ndani ya nyumba, akawa anajigonga kwenye viti. Kiingereza chake kilikuwa kingi na kilikuwa kikienda popote kinapotaka. Alisikiliza kanda yetu akiwa anazungumza na mtu mwingine, kisha akanipa mpango wake: mimi niimbe nyuma ya pazia, na mbele acheze msichana mwembamba wa kutoka Kisumu, akifumba na kufumbua mdomo.

"Usikasirike, madam. Sura yako ni ya redio."

"Na kichwa chako ni cha redio isiyo na betri," nikamwambia.

Akacheka, maana hakuelewa. Aliomba abaki na kanda aendelee kusikiliza. Nikamwachia. Kuna dharau inayomfanya mtu awe mzembe, na yangu ilikuwa ya aina hiyo: sikudhani mtu kama yule angeweza kuniibia, kama usivyodhani mbuzi atakuibia baiskeli.

Ikafika Desemba. Tuliahidiwa nafasi ya kuimba Sikukuu ya Jamhuri katika uwanja wa Homa Bay. Tulipofika, kijana wa itifaki akatuambia muda umejaa. Nilitazama jukwaani nikaona kumejaa nini: kwaya ya Mwalimu Jeremiah katika majoho ya zambarau, bendi ya Nyamweya pamoja na vile viatu, na wachezaji wa mtu mmoja aliyetaka ubunge, ambaye alijiita Injinia kwa sababu aliwahi kusimamia mashine ya kusaga. Msimamizi wa wachezaji wake alikuwa Cliff. Mimi na Mellen tukakaa kwenye nyasi na akina mama wauza samaki, tukanunua mahindi ya kuchoma.

Hotuba ya Rais ilisomwa. Kisha kwaya ikasimama.

Mstari wa kwanza sikuutambua. Wa pili Mellen akanishika goti. Sayuni, Sayuni, jua limetoka, Bwana amefika. Ile sehemu inayopanda ilipanda vizuri sana. Mwalimu alikuwa amesoma kwa makini namna shetani anavyofanya kazi.

Hawajamaliza, Nyamweya akaruka mbele ya jukwaa.

"Hiyo wimbo ni yangu! Hawa watu wa kanisa wameiba Jeni!"

"Jeni gani?" Mwalimu akamjibu, na kipaza sauti kilikuwa wazi, uwanja mzima ukasikia. "Huu wimbo nilipewa na Roho Mtakatifu nikiwa nimefunga!"

Cliff naye akakimbia pale mbele, miwani ikamdondoka. Alisema wimbo ni wa kampeni, umesajiliwa, maneno yake ni Injinia, jua limetoka, kura tutakupa, na kwamba mwenye kuuimba bila ruhusa atafikishwa mahakamani. Nyamweya akamshika Cliff tai. Mwalimu akamshika Nyamweya koti. Sauti ya pili ya kwaya, mama mmoja mkubwa ambaye sikuwahi kumwona akiharakisha, alimpiga Cliff na kitabu cha tenzi.

Mkuu wa Wilaya akasimama, fimbo kwapani. "Nyamazeni! Nani mwenye wimbo?"

Hapo Nyamweya akaniona. Wenye makosa wana macho makali.

"Huyo hapo! Phelesia! Alikuwa mwimbaji wangu, atasema ukweli!"

"Huyo ni muumini wangu," Mwalimu akasema. "Namjua. Hawezi kudanganya."

"She is our artist!" Cliff akapiga kelele.

Askari akaja kunichukua kwenye nyasi. Nilipanda jukwaani nikiwa na hindi mkononi. Wote watatu walinitazama kwa uso mmoja: uso wa mbwa aliyekula kuku wako na sasa anakutikisia mkia. Nyamweya alinikonyeza. La ajabu ni kwamba kila mmoja aliamini nitasema ni wake. Mwaka mzima walinipuuza, na hawakufikiri hata kidogo kwamba aliyepuuzwa alikuwa akiwatazama.

"Mama," Mkuu wa Wilaya akaniuliza, "wimbo huu ni wa nani?"

Ningeweza kusema ni wangu. Neno lilikuwa limefika mdomoni. Lakini niliwatazama wale, majoho, viatu, tai iliyopinda, nikafikiri: nikisema hivyo nitakuwa wa nne. Nitasimama hapa nikivutana nao, na jina la Joyline litakuwa katikati.

"Mheshimiwa, mimi siujui," nikasema kwenye kipaza sauti. "Lakini nimeusikia leo, na ni wimbo mbovu. Kama wanaugombania, wakatiwe kila mtu kipande."

Uwanja ulicheka mpaka wale wauza samaki wakasimama. Mkuu wa Wilaya alijizuia, ila masharubu yalimsaliti. Akaamuru wimbo huo usiimbwe tena siku hiyo na mtu yeyote. Kwa hivyo kwaya haikuwa na wimbo, bendi haikuwa na wimbo, na wachezaji wa Injinia walibaki wamesimama kama magunia ya mkaa yanayongoja lori.

Mellen hakucheka. Tulipotoka nje ya uwanja alitupa ngoma chini.

"Umeutupa wimbo wa Joyline mbele ya watu."

"Joyline hayumo mle. Walimtoa kitambo."

"Wewe ungemrudisha."

Nilisema naenda kunawa mikono, nikaenda nyuma ya kibanda cha tikiti, nikalia mpaka pua ikaziba. Hilo sikumwambia, ingawa nadhani aliona macho yangu.

Nilikuwa ndiyo narudi pale kwa Mellen alipokuja mama mmoja mweusi, mrefu, anayenuka samaki wa kukaangwa. Alijitambulisha kuwa ni Bathsheba, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa kisiwa cha Mfangano.

"Ni wewe umejibu DC?"

"Ni mimi, mama."

"Unaimbanga?"

"Naimba."

"Sijui kama unaimba vizuri. Lakini vile umejibu nimependa. Tunafungua stoo yetu ya samaki wiki ijayo. Kuja."

Tulikwenda. Katika ile wiki nilitunga wimbo mpya, na kwa mara ya kwanza niliandika nikiwa na hasira safi, isiyo na kujionea huruma. Uliwahusu wanaume watatu waliogombania koti la mtu mwingine: mmoja kavaa mkono wa kulia, mmoja wa kushoto, wa tatu kaingiza kichwa mfukoni. Niliwataja majina. Sikubadilisha hata moja. Akina mama wa Mfangano waliuimba wote baada ya kuusikia mara mbili, na Bathsheba alicheza katikati na ndoo kichwani. Mellen alipiga ngoma siku hiyo kama mtu anayelipiza, na tulipomaliza akanikumbatia.

Zubair aliurekodi wiki ileile tuliyorudi. Kufikia mwaka mpya ulikuwa ukisikika sokoni Migori na kwenye vibanda vya Homa Bay. Huo hakuna aliyeuiba. Nyamweya angeuimbaje?

Januari, Mwalimu Jeremiah alikuja dukani kwa Zubair. Alingoja wateja watoke, akanisogelea.

"Phelesia, binti yangu, watoto wa shule wananiimbia njiani. Hilo jina, huwezi kulitoa?"

"Jina gani, Mwalimu?"

"Jeremiah."

"Akina Jeremiah ni wengi. Hata kwenye Biblia yumo mmoja, na hajaja hapa kulalamika."

Alisafisha miwani, akauliza kama kanda hiyo ina nyimbo nyingine. Zubair akampa moja. Aliitia ndani ya koti, akachungulia barabarani kwanza, ndipo akatoka.