Gerard Alivyoisafisha Sauti ya Baba Yake

Mwanangu Gerard hawezi kukaa na kitu kibovu. Alifika Milwaukee Ijumaa jioni kwa ajili ya misa ya kutimiza mwaka tangu baba yake afariki, na kabla hajavua koti alikuwa ameshaniuliza redio ya jikoni inakoroma nini.

Nikamwekea samaki wa kukaanga na saladi ya kabeji. Pembeni ya sahani niliweka simu ya Kaz, marehemu mume wangu. Ndani yake mna wimbo mmoja aliourekodi mwenyewe akipiga kodiani na kuimba kwenye chumba cha chini, miezi michache kabla moyo wake haujasimama. Ndio sauti pekee ya Kaz niliyobaki nayo. Nilitaka kesho yake isikike kwa watu kwenye ukumbi wa kanisa, basi.

Gerard akaubonyeza, akasikiliza sekunde mbili tatu, akakunja uso.

"Ma, huu ni uchafu. Unasikia inavyokwaruza?"

"Nasikia mume wangu."

"Acha utani. Kwanza hii spika imejaa vumbi." Akachukua mswaki wangu wa zamani, akakisugua kitundu cha chini. "Halafu hili ganda la simu linaziba sauti. Na nani kapandisha besi mpaka mwisho?"

"Baba yako. Aliipenda hivyo."

"Ndiyo maana inanguruma kama lori."

Sikatai, mtoto anajua mambo yake. Aliishusha besi, akaiunganisha simu na redio kwa waya badala ya ile bluetooth ya hewani, akasema waya hauli sauti. Redio ya jikoni nayo ikaacha kukoroma. Nilimwacha mezani na simu, nikapanda kulala, tena nimefurahi. Kaz na Gerard hawakuwa wanapatana kwenye muziki. Kijana alikuwa akisikia kodiani anafunga mlango wa chumba chake, na baadaye akafunga safari mpaka Seattle. Sasa kakaa na wimbo wa baba yake, nikasema afadhali.

Kesho yake, baada ya misa, tukashuka ukumbi wa kanisa. Wifi yangu Bernice alikuwa ameleta soseji na kabeji chachu, na wazee waliokuwa wakicheza polka, ile dansi ya kodiani, na Kaz walijaa meza za mbele na bia zao. Gerard akaunganisha simu na spika kubwa. Akanikonyeza.

Muziki ukaanza, safi kabisa. Kodiani, klarineti, ngoma.

Kaz hakuwa na klarineti. Kule chumba cha chini alikuwa peke yake, na kila akifika kiitikio alikuwa anapiga kisigino sakafuni na kulitia jina langu, Arlene, mahali pasipo pake. Nikangoja kiitikio. Kikapita. Mwanamume mwenye sauti tamu, nisiyemjua kabisa, akaimba maneno sawasawa kama yalivyoandikwa.

"Jamani Kaz!" wazee wakapiga makofi. "Alikuwa fundi huyu mtu!"

Nikaenda mpaka kwenye spika, nikamshika Gerard mkono.

"Wimbo wa baba yako uko wapi?"

"Si ndio huu, Ma."

"Huu si wenyewe."

"Ni wenyewe, niliuboresha tu. Kuna programu, inasoma jina la faili, inakutafutia ileile yenye ubora wa juu, inaweka pale pale. Faili ya zamani ilikuwa imebanwa ndogo mno, sauti imepotea, haitengenezeki."

Hapo nikaelewa. Kaz alikuwa na mzaha wake. Hakuna polka aliyoirekodi asiiandike jina la bendi moja maarufu ya Chicago, halafu anawatumia rafiki zake kwenye baa na kuwaambia, haya, wasikilizeni mabwana wakubwa. Wazee wote wa mtaa wetu walifanyiana mchezo huo. Programu ya Gerard haikujua mizaha ya baa. Ilisoma jina la bendi, ikamletea bendi.

"Irudishe ile," nikamwambia.

"Simu ilikuwa imejaa, Ma. Nilifuta mpaka kwenye kapu la taka."

"Rafiki zake je? Bernice, si aliwatumia?"

Bernice akawageukia wazee. Wakaangaliana. Mmoja akasema aliusikia, alicheka, akaufuta siku ileile, kwani ulikuwa mzaha tu.

Wimbo ulikuwa bado unaendelea, na watu wawili walikuwa wameinuka kucheza. Nikamtazama Gerard na ndipo nikaona macho yake yamevimba, mekundu. Alikuwa amelia. Alimlilia yule mwimbaji wa Chicago pale mbele ya watu, moyo wake wote.

"Ma," akaninong'oneza, "una uhakika huyu si Baba?"

Nilitaka kumzaba kibao. Nilitaka kumkumbatia pia, na hasira ikawa kubwa kuliko vyote. Nikamwambia, "Keti, ule chakula." Bernice akanishika bega, akidhani nimezidiwa na msiba wa Kaz. Kaz nilishamzika. Aliyenitoa machozi ni huyu aliye hai, mwenye masikio ya ajabu, aliyekaa miaka kumi na nane nyumba moja na baba yake na hamjui sauti.