Upande wa Kibla

Mwanaesha hakuwa na ugomvi na milima. Ilikuwa mbali naye na hakuidai salamu. Ugomvi wake ulikuwa na bintiye Zakiya, karani wa ofisi ya kutoa mizigo Kilindini, mtu mzima wa miaka ishirini na saba, ambaye kila mwisho wa mwezi huvaa mabuti akaenda kupanda milima ya Taita. Na laiti angepita njiani kama watu! Yeye na wenzake wakifika katikati huiacha njia, wakajipenyeza msituni kutafuta kilele kisichopandwa na mtu.

Jumamosi alfajiri, Zakiya alipoinama kutaka radhi kabla ya kukimbilia basi Mwembe Tayari, mamake aligeukia ukuta.

“Mtu mwenye akili huwata ndia akangia mwituni? Haya, enenda. Lakini radhi yangu usiitie mkobani.”

Zakiya aliubusu mkono usiomjibu, akateremka ngazi.

Jumapili saa nane mchana Mwanaesha alikuwa jikoni kwake Kibokoni, akiyatia pilipili maembe ya achari, na jirani yake Intisar akimkatia. Simu ikalia. Intisar ndiye aliyeibonyeza, maana mikono ya mwenziwe ilikuwa myekundu hadi viwiko.

“Mama, usishtuke,” alisema Zakiya, na neno hilo peke yake lilitosha kumshtua mtu. “Ukungu umetushukia kileleni, nimepotezana na wenzangu. Thoya kiongozi wetu simpati, na simu yazima. Mwambie nateremka upande wa kibla, nafuata kijito. Na ile radhi, mama—”

Ikakatika.

Nambari ya Thoya ilikuwa imebandikwa kwenye friji. Intisar alipiga mara tano ndipo ikashika, Mwanaesha akautoa ujumbe neno kwa neno. “Kibla. Nimeelewa, mama,” akasema Thoya, akakata.

Wakangoja. Alasiri ikaadhiniwa, wakasali, wakangoja tena. Mwanaesha hakuacha kulifikiria lile neno dogo alilomnyima bintiye. Mtoto ameliomba mara mbili, na akipatwa na jambo huko, atakuwa amekwenda bila radhi ya mamake.

Thoya alipopiga tena, alikuwa akihema. “Mama, tumeuchana msitu wote wa upande wa msikiti. Hatujamwona.”

“Msikiti upi?”

“Si umesema kibla? Msikiti wa huku uko chini barabarani, kwa hiyo tukaja huku.”

Mwanaesha aliiinamia simu. Tangu azaliwe, kibla kwake ni upande: dirisha la kibla, chumba cha kibla, kitanda kisogeze kibla. Hakuwahi kufikiri kwamba yuko mtu duniani asiyeujua.

“Mwanangu, kibla si msikiti! Kibla ni kaskazini. Lielekee jua linakotua. Mkono wako wa kulia, huko ndiko!”

“Basi tumekwenda kinyume,” akasema Thoya, na alikuwa ameshaanza kukimbia.

Machozi yakamtoka Mwanaesha. “Ni pilipili,” alisema. Intisar, aliyemjua miaka arubaini, akampa ncha ya leso bila kubisha. Ndipo Mwanaesha akasimama akielekea kibla na kusema kwa sauti, “Nimekuwia radhi, Zakiya. Radhi kamili. Nalikunyima kwa khofu tu.”

Magharibi ilikuwa haijaingia simu ilipolia. Nambari ni ya Thoya, sauti si yake.

“Mama. Nilikuwa nimekaa kijitoni. Buti moja limeachama, lakini mimi mzima.”

“Alhamdulillahi!” Mwanaesha akaketi sakafuni palepale, kati ya maembe.

“Mama, wan'pa radhi?”

Akataka kulia, akachagua kugomba. “Kwanza n'ambia. Huko juu mulikowata ndia kwenda, waonani?”

Zakiya alikiri ukweli. “Hakuonekani kitu, mama. Ni miti mitupu.”

“Hata bahari?”

“Hata bahari.”

Mwanaesha alicheka mpaka Intisar akamshika bega. Kumbe mtu hutoka jasho siku mbili na kuwatia watu wazima homa ili akaone miti!

“Radhi unayo tangu alasiri,” alisema alipoweza kusema. “Na mara nyengine, mufunzeni Thoya kibla kabla hamujaiwata ndia.”