Homa ya Kambare

Fundi wa vipimo kwenye kituo cha utafiti wa samaki alikuwa na mazoea yake. Kabla ya kukitia kidude cha mawimbi tumboni mwa samaki, alikibana kwapani aone kama kompyuta inasoma joto la mwili. Siku hiyo alikuwa amelowa chapachapa, akamwita kitindamimba wake, aliyekuja naye kazini kwa kuwa shule zimefungwa.

"Hebu nibanie hiki, mwanangu."

Mtoto akabana, akicheka kama anatekenywa. Kompyuta ikasoma. Kidude kikaingia kwa kambare, kambare akashonwa, akarudishwa ziwani.

Tangu hapo mtoto akawa na joto la kambare. Kambare akizama kilindini, mtoto anatetemeka mpaka meno yanagongana mchana kweupe. Akipanda juu, damu inamrudia. Mama yake, yule fundi, akazoea. Asubuhi alitazama skrini kwanza, ndipo akajua amvike sweta au gauni.

Kisha kambare akagundua bomba la kiwanda linalomwaga maji ya moto ziwani, akanogewa. Mtoto akawaka. Kila kitambaa cha maji alichowekewa kilikauka papo hapo.

Daktari alipima, akavua miwani. "Homa hii si yake, dada. Mkamvue samaki."

Mama akabeba wavu mbio mpaka kwenye uzio wa kiwanda. Walinzi wakamzuia, wakampeleka kwa meneja. Meneja akamvutia kiti, habari alishazipata.

"Pole sana, mama. Ila ndani ya uzio haturuhusu mtu kuvua."

"Basi fungeni bomba, bosi. Leo tu! Mwanangu anaungua, jamani!"

"Tukifunga, mitambo inasimama." Akakuna kidevu. "Samaki wengine wote hapo walikufa kimya kimya, hawakumsumbua mtu. Huyo wako ana roho ngumu."

Akamsindikiza hadi mlangoni kwa adabu zote.

Nyumbani mtoto alikuwa amelazwa chini kwenye saruji, kifua wazi. Majirani walileta mabeseni ya maji bila kuitwa, wakaketi.

"Mama, bado yuko palepale?"

"Bado, mama."

"Mwambie atoke."

Mama akamloweshea kitambaa kingine. Nje honi ya kiwanda ikalia. Jirani mmoja akachungulia dirishani, akasema bomba la pili limefunguliwa, kisha akasogeza beseni karibu. Mama akamkumbatia mwanawe. Mikono yake ikaungua, asimwachie.